Inapatikana kwa Mwalimu, Jericho

Ukibisha kwake, alifungua mlango kwa upana wa uso wake tu. Alikutazama, akatazama nyuma yako, akakuingiza, akafunga, ndipo akakusalimu. Alifanya hivyo hata mchana wa Jumapili, hata jirani alipokuja kuazima chumvi. Mwanzoni nilidhani ni tabia ya mtu aliyekulia penye nyoka. Baadaye niliona watu wengi wa mtaa wa Jericho, Nairobi, wakianza kufungua milango yao vivyo hivyo, nikajua kwamba yeye alikuwa amewatangulia tu.

Wote tulimwita Mwalimu. Mtaa ulikuwa na walimu wengine, lakini hao waliitwa kwa majina ya watoto wao: baba fulani, mama fulani. Yeye hakuwa na mtoto wa kumpa jina, kwa hiyo akabaki na kazi yake. Alifundisha historia katika chuo kimoja cha mjini, akakaa katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya vyumba viwili, na katika vyumba hivyo hapakuwa na mahali pa kunyoosha miguu. Makasha ya chai yalipangwa ukutani hadi kwenye dirisha, mengine chini ya kitanda, na moja lilifunikwa kitambaa likawa meza. Ndani ya makasha mlikuwa na majarida, kila jarida na wenzake, kila mwaka na mwaka wake. Maktaba ya chuo ilikuwa na vitabu, lakini majarida yalifika kwa kusuasua na yakifika yalitoweka. Ndiyo maana kila Jumamosi wanafunzi walijipanga kwake kama watu wa zahanati.

Mimi nilikuwa muuza karatasi. Shule niliiacha kidato cha pili, na wala si kwa kukosa karo. Miguu yangu ilikataa tu kukaa chini ya dawati. Nilizunguka sana, nikapiga rangi mabati, nikasukuma mkokoteni, nikaishia kununua karatasi kuukuu kwa wafagiaji wa maofisi na kuziuza kwa wenye maduka na mabucha, wafungie sukari na nyama. Lakini kabla ya kuuza nilisoma. Nilisoma chochote: ugonjwa wa kahawa, mahubiri, bei ya saruji, mashairi ya watu wasiojulikana. Mwalimu alinikuta siku moja nje ya soko la Jericho nimekaa juu ya gunia langu, nikisoma habari za wajenzi wa reli.

"Hilo ni toleo la ngapi?" akauliza, bila salamu.

"Sijui, mzee. Jalada limeng'oka."

"Basi unasoma nini? Unasoma upepo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa pale pale, mtu mzima na suti yake, akapekua gunia lote akitafuta jalada lile, na alipolipata alilifuta kwa leso kana kwamba ni uso wa mtoto. Tangu siku hiyo, kila jarida lililopita mikononi mwangu lilipita kwake kwanza. Aliniita Bwana Karatasi. Jina langu la ubatizo sidhani kama aliwahi kuliuliza.

Nilipenda kukaa kwake Jumamosi, nikijifanya napanga mzigo wangu, nisikie anavyofundisha. Somo lililomtia wazimu halikuwa historia yenyewe. Lilikuwa ile sehemu ya mwisho wa insha ya utafiti ambayo wanafunzi huiandika wakiwa wamechoka, marejeo, na hasa marejeo ya makala za majarida.

"Kitabu," aliwaambia, "ni kama nyumba ya chifu kijijini. Taja jina la mwenyewe, mtoto yeyote atakuelekeza. Jarida ni kama nyumba za kanjo. Zote zina ukuta mmoja, mlango mmoja, dirisha moja. Usiponipa namba ya jengo na namba ya mlango, nitabisha kwa jirani nimkute anaoga."

Kisha alisimama na rula yake, akihesabu kwa kuigonga kwenye kasha. Jina la mwandishi kwanza. Kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu. Jina la jarida, na lipigiwe mstari kwa rula, si kwa mkono wa mlevi. Juzuu. Namba ya toleo. Mwezi na mwaka. Kurasa, kuanzia pale makala inapoanza hadi pale inapoisha, si ule ukurasa mmoja uliokupendeza.

Kijana mmoja aliwahi kubisha. "Lakini Mwalimu, nimeandika mwaka na nimeandika ukurasa wa tano. Si inatosha?"

"Jarida hili hutoka kila mwezi?"

"Ndiyo."

"Na kila mwezi huanza kuhesabu kurasa upya?"

Kijana akatazama. "Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kwa mwaka mmoja lina kurasa za tano kumi na mbili. Unanituma nikazitafute zote, na goti langu hili?"

Alikuwa na sharti moja la kwake mwenyewe, ambalo halikuwa katika mwongozo wa chuo. Kwa kuwa majarida mengi hayakuwamo maktabani, msahihishaji angeyaona wapi? Kwa hiyo, mwisho wa kila rejea la makala, mwanafunzi aliandika nakala iko wapi. Wengi waliandika maneno yale yale: Inapatikana kwa Mwalimu, Jericho, wakaongeza namba ya nyumba. Insha zilizokaa kwenye rafu za chuo zilikuwa na anwani yake mara nyingi zaidi kuliko bahasha za posta. Alijivunia jambo hilo. Nilimsikia akimwambia mwanafunzi aliyelisahau, "Rejea lisilomfikisha mtu mlangoni ni porojo."

Majirani walimcheka kwa hilo pia, maana hata udaku aliutaka kwa utaratibu. Na udaku aliupenda, usidanganywe na suti. Jioni alitoka na kiti chake karibu na bomba la maji, akajifanya anasoma, masikio yote kwa wanawake. Mama Atieno, jirani wa ukuta mmoja, mjane wa mtu wa reli, ndiye aliyekuwa redio ya jengo.

"Mwalimu, umesikia? Yule karani wa nyumba ya kona ameoa wa pili huko mtaa wa Umoja."

"Umemwona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyemwona!"

"Mtu huyo alimwona lini, mchana au jioni?"

"Aai! Huyu hata fununu anaitaka na ukurasa wake!" Mama Atieno alipiga makofi, na wanawake wakaangua kicheko mpaka ndoo zikamwagika. Mwalimu alirudi kwenye jarida lake, lakini kesho yake nilimsikia akimhadithia muuza maziwa habari za mke wa Umoja, tena kwa kuongeza.

Hakuwa mtakatifu. Aliyewafokea wanafunzi kwa kukunja pembe za kurasa, mimi mwenyewe nilimwona kliniki, tukisubiri zamu, akikohoa kwa nguvu ili sauti ya kuchana ukurasa wa jarida la pale isisikike. Aliuweka mfukoni, akanitazama, akasema, "Hawa hawausomi." Aliazima vitu akasahau kurudisha. Alikuwa mwoga pia, mwoga wa kuchekesha. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa askari wa kanjo waliokagua nyumba, na siku alipoitwa ofisini kwa sababu ya kuta zilizopakwa rangi bila ruhusa, alinywa maji mpaka akashindwa kutembea. Ninaandika hili kwa sababu wapo wanaomsimulia siku hizi kama simba. Mimi nilimjua. Alikuwa mtu wa kutetemeka.

Kisha ukaja ule mwezi wa Agosti, mwaka wa themanini na mbili, ambapo wanajeshi walishika redio asubuhi na kufikia jioni wakawa wameshindwa. Risasi zilikoma, maduka yakafunguliwa, na kila mtu akarudi kazini. Lakini kuna kitu kilikuwa kimehama. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa kikiwa na vijana wachache. Jumamosi walikuja watano mahali pa kumi na watano, tena mmoja mmoja, wakipeana nafasi. Mkabala na jengo lake alitokea mwanamume wa kuuza miwa, ambaye miwa yake haikupungua. Ilikauka tu, ikawa ya rangi ya kamba, naye akaendelea kukaa. Mama Atieno alipunguza sauti pale bombani, na ilipofika hapo Mwalimu hakumwuliza tena nani kasema. Alimwambia, "Basi, mama, yaishie hapo."

Nilifikiri angeacha kupokea majarida. La. Aliendelea, lakini sasa alinawa mikono kabla na baada ya kuyashika.

Miongoni mwa wanafunzi waliobaki alikuwa binti wa Kikamba aliyeitwa Mwende, baba yake dereva wa lori, mwembamba, mwenye kicheko cha ghafla. Alikuwa ameandika insha juu ya familia zilizohamishiwa Dandora, zikapewa kiwanja, choo na bomba, zikaambiwa zijenge zenyewe. Alikuwa amekwenda huko kwa miguu, akahojiana na watu mpaka pembeni mwa jaa la taka. Na insha nzima ilikuwa inajibizana na makala moja, iliyotoka katika jarida dogo la jalada la kijani, iliyoeleza nani hasa aliishia kuwa na viwanja vile. Jarida hilo nilikuwa nimelitoa mimi katika gunia la ofisi moja ya mjini, nikalipeleka kwa Mwalimu kama nilivyopeleka mengine mia.

Insha ilikwishapelekwa chuoni wakati redio ilipotangaza kwamba jarida lile limepigwa marufuku, na kwamba kupatikana nalo ni kosa. Siku hizo tulikuwa tumeshaona watu wakienda jela kwa karatasi moja.

Jumamosi iliyofuata Mwende alikuja asubuhi, kabla ya wengine. Mimi nilikuwa pale nikifunga mzigo. Hakukaa.

"Mwalimu, insha yangu imeitishwa."

"Na nani?"

"Watu wawili wenye makoti. Walienda ofisini kwa karani wa chuo. Wanarudi kuichukua Jumatatu."

"Karani amekuambia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ni mtu wa kwetu." Alifungua mkoba akatoa ukurasa mmoja uliopigwa taipu. "Amesema insha siwezi kuitoa, wameshaiona kwa macho. Lakini ukurasa wa mwisho umebanwa kwa pini tu, na hawajafika huko. Nikimletea mwingine ataubadilisha."

Mwalimu aliuchukua ukurasa ule, akavaa miwani, akaweka rula chini ya mstari. Nilimwona akisoma kama alivyosoma siku zote, kidole kikihama kutoka juzuu kwenda toleo, kutoka toleo kwenda kurasa.

"Kila kitu kipo," akasema. "Isipokuwa nyumba yangu."

"Nimeitoa. Ndiyo maana nimekuja." Mwende alikuwa analia sasa, lakini bila sauti. "Wasije kwako kwa sababu yangu."

"Jina la jarida limo ndani ya insha?"

"Karibu kila ukurasa."

"Kwa hiyo watajua ulilisoma. Watakuuliza ulilisoma wapi. Utasema nini?"

Alifunga mkoba wake, akaufungua tena.

"Utasema hukumbuki. Watasema basi ni lako. Wataenda kwa baba yako, wapindue magodoro." Alivua miwani. "Ule wa zamani unasemaje? Unasema mwanafunzi alisoma kitu kwa mwalimu wake, mahali fulani, akaandika alivyofundishwa. Hakununua. Hakuficha. Nakala iko pale, nendeni mkaione."

"Mwalimu, tafadhali."

"Uache kama ulivyo."

Aliukunja ukurasa mpya mara nne akautia mfukoni mwake, ili Mwende asije akaupeleka kwa huruma. Kisha akamwambia aende nyumbani, asipitie chuoni, na akiulizwa ajibu ukweli, wote, bila kupunguza. Mwende alitoka akijifuta kwa mkono wa sweta. Yule mtu wa miwa alimtazama mpaka akafika kona.

Nilibaki na Mwalimu. Alinawa mikono, akaifuta, akainawa tena. Nikamwambia kilichokuwa wazi: "Mwalimu, lipe gunia langu hilo jarida la kijani. Nitalifikisha Dandora ndani ya saa moja. Nani atalipata chini ya taka zile? Waje, wakute makasha ya habari za kahawa."

Alikuwa ametamani hilo, nililiona usoni. Aliinama mpaka chini ya kitanda, akalitoa, akalishika kwa mikono miwili. Nilishafungua mdomo wa gunia.

"Wasipolikuta hapa," akasema, "binti atakuwa amedanganya. Watarudi kwake."

"Au hawatarudi."

"Au hawatarudi," akakubali. Akaketi kitandani. Aliliweka jarida magotini, akanyoosha pembe zake. Kisha akalirudisha kashani, si juu, bali pale pale lilipokuwa, baada ya toleo lililotangulia, akasukuma kasha kwa mguu.

"Wewe usije wiki hii, Bwana Karatasi," akasema.

Sikwenda mlangoni kwake, lakini nilikuwa sokoni, na kutoka sokoni unaona jengo. Walikuja Jumanne, jua limeshapanda, wanawake wako bombani. Hawakuuliza mtu. Katika majengo yale yanayofanana kama maharagwe, ambako hata posta hupotea, walienda moja kwa moja kwenye mlango wake. Mama Atieno, ambaye hakuogopa kitu isipokuwa Mungu, aliacha ndoo akasimama, na ndiye aliyekuja kunisimulia maneno yao.

"Mwalimu, hawa ni wageni wako?"

Mwalimu alikuwa ametoka katikati yao, amevaa suti, tai imefungwa. Nadhani aliivaa tangu Jumatatu.

"Ni wasomaji, Mama Atieno," akasema.

Hawakuwa wamehangaika kutafuta. Alikuwa ameshawaonyesha kasha, nao wakaondoka naye na jarida. Baadaye, ili wasionekane wametoka na kijarida kimoja, walirudi na lori wakachukua makasha yote, hata lile lililokuwa meza. Mwende aliitwa siku iyo hiyo. Aliwajibu alivyoagizwa, nao wakafananisha maneno yake na ukurasa, na ukurasa na kasha. Jioni walimwachilia.

Mtu wa miwa hakuonekana tena. Nami nilingoja wiki nzima zamu yangu, nikihesabu kila gari lililopunguza mwendo. Haikuja. Nikaacha biashara ya karatasi, nikapanda treni ya Nakuru, kutoka hapo nikaendelea, na kwa miaka niliishi kwa kuhama, kama kawaida yangu, ila safari hiyo nilikuwa na sababu.

Niliporudi Nairobi muongo ulikuwa unakaribia mwisho. Mama Atieno, mzee sasa, ndiye aliyeniambia kwa kunong'ona kwamba Mwalimu ametoka jela, na kwamba anakaa Umoja, chumba cha nyuma kwa mpwa wake. Nilikwenda saa za mchana, watoto wakiwa shule. Mlango ulifunguliwa kwa upana wa uso. Ulikuwa uso mwembamba, na jicho la kushoto lilikuwa halifuati la kulia. Alitazama nyuma yangu, akaniingiza.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, stovu. Hapakuwa na karatasi hata ya kalenda. Alipika chai polepole, akaimimina katika vikombe viwili vya bati, akanipa kiti, yeye akaketi kitandani. Hatukuanza mara moja. Alinieleza habari za mafua, habari za mpwa wake, habari za bei ya mafuta ya taa. Mwishowe nikauliza yaliyompata.

"Jarida halikuwasumbua," akasema. "Walikuwa nalo. Walichotaka ni aliyelileta Jericho. Siku ya kwanza walitaka hilo, na siku ya mwisho walitaka hilo."

Niliweka kikombe changu chini.

"Nikawaambia, rejea husema kitu kiko wapi. Halisemi nani alikibeba." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Hawakulipenda jibu hilo. Nililirudia mpaka mimi mwenyewe nikalichoka."

Nikauliza habari za Mwende, kama huja kumwona. Mwende alikuwa akifundisha shule ya sekondari Kitui, akasema. Alikuja mara moja, Mwalimu akamkataza asirudi. "Wanaokuja hapa huandikwa," akasema. "Kijana wa kioski huandika. Si mbaya, amepewa kazi." Kisha akaniwekea mkono begani, mkono ambao kidole chake kimoja kilikuwa hakinyooki. "Nawe pia. Nimefurahi. Usirudi."

Kabla sijajibu tulisikia viatu uani. Alisimama haraka kuliko nilivyodhani angeweza, akafungua mlango mdogo wa upande wa choo, akanisukuma. Nilijikuta kati ya kamba za nguo za majirani, shuka zimelowa, nikasimama nyuma ya shuka moja kwa sababu miguu ilikataa kwenda.

Mlango wa mbele ulifunguliwa, safari hii wote.

"Habari ya mchana, mzee. Una mgeni?"

"Sina."

"Naona vikombe viwili."

Nikasikia bati likiinuliwa, na mtu akinywa, taratibu, mpaka mwisho. Kisha likawekwa chini, la pili likainuliwa.

"Vyote vyangu," akasema Mwalimu. "Nina kiu."